Hilux yangu ya kubebea asali: kwanza niliiinua, halafu nikabadilisha ekseli ya mbele

Nanunua asali Sikonge na vijiji vya ndani kuelekea Inyonga, nauza Tabora mjini na Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Gari langu ni Hilux double cabin ya 1993, injini ya 3L, dizeli, na lilipotoka Japani lilikuwa na tosheni baa mbele, fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi. Leo lina ekseli nzima mbele, bomba moja la chuma toka gurudumu hadi gurudumu, ile ya springi za majani, na kila msimu hakosi mtu wa kunisimamisha kituo cha mafuta. Anainama, anachungulia chini, kisha ananiuliza: "Mama, hii umefanyia wapi? Na mimi niinue tu au nibadilishe ekseli kama wewe?"

Jibu langu ni refu kuliko muda wa kujaza tenki. Nimefanya vyote viwili, kwa pesa yangu, kwenye gari lile lile, kwa kazi ile ile. Kwa hiyo naliandika lote hapa.

Nianze na mzigo, maana ndio unaoamua. Ndoo ya lita 20 ikiwa na maji ina kilo 20. Ikiwa na asali ni kilo 28 hivi. Nikipakia ndoo 25 nimeshafika kilo 700, na hapo sijahesabu mizani, turubai, maji ya kunywa, koleo, jeki na vijana wawili wa kupakia. Lami ya Tabora hadi Sikonge haina neno. Ukishaiacha ndipo kazi inaanza. Kuna mbuga, ule udongo mweusi ambao mvua ikiugusa unashika tairi mpaka linakuwa duara la tope lisilo na kashata hata moja inayoonekana. Na kuna mikondo iliyochimbwa na malori ya tumbaku. Lori lina magurudumu marefu na limekaa juu, linapita. Wewe wa Hilux unaingia kwenye mkondo ule ule, katikati kuna mgongo wa udongo uliokauka kama tofali, na juu ya mgongo mara nyingine kuna kisiki cha muyombo ambacho nyasi zimekifunika.

Mwaka 2021 nilipeleka gari gereji moja niliyoelekezwa na jirani. Jina lake silitaji. Waliniambia kuinua ni kazi ya asubuhi moja, na kweli ilikuwa ya asubuhi moja. Mbele walikaza bolti za tosheni baa, nyuma wakaweka shakeli ndefu, vile vyuma vinavyoshikilia ncha za springi. Nililipa laki nane pamoja na shokapu mbili za nyuma. Gari likatoka limesimama vizuri, limekaa juu, nikafurahi njia nzima.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho hakuna aliyenieleza siku ile. Tosheni baa ni fimbo ya chuma inayolala sambamba na chesisi. Upande mmoja imeshika mkono wa saspensheni, upande wa pili imeshikwa na kipande chenye bolti ya kurekebishia. Gurudumu likipanda, fimbo inajisokota, na ule ukaidi wake wa kukataa kusokotwa ndiyo springi yako. Ukikaza bolti huiongezei nguvu fimbo. Unachofanya ni kuisogeza mahali inapoanzia. Mkono wa saspensheni unashuka chini, gari linapanda, lakini safari ya gurudumu haijaongezeka hata sentimita moja. Umeichukua safari ya kushuka ukaihamishia upande wa kupanda. Gurudumu likikuta shimo halina tena pa kushukia, mkono unagonga raba ya kizuizi, na dereva anausikia mgongo wa gari: ngu! Shimo linalofuata: ngu!

Kibaya zaidi ni draivu shafti, fimbo zinazotoa nguvu kwenye difu (boksi la gia lililo kati ya magurudumu) na kuipeleka kwenye magurudumu. Difu ya gari la tosheni imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo ukiinua gari difu inapanda nayo, magurudumu yanabaki ardhini. Shafti zilizokuwa zimelala karibu sawa sasa zinashuka kwa mteremko mkali kutoka kwenye difu hadi kwenye habu. Raba za CV, vile viungo vya kupinda kwenye ncha za shafti, zinakunjamana, mikunjo inasagana yenyewe kwa yenyewe, zinachanika, grisi inarushwa nje na mchanga unaingia ndani. Baada ya hapo unasikia ka-ka-ka kila ukikata kona, na saa yako imeshaanza kuhesabiwa.

Katika miezi 14 nilibadilisha raba za CV mara nne, CV zenyewe mbili, bol jointi za juu zote, na aidla amu ya usukani, ambayo kwenye Hilux za aina hii ni kiungo dhaifu hata gari likiwa halijaguswa. Tairi mbili za mbele zililiwa upande mmoja. Nilipopiga hesabu kwenye daftari langu la mizigo nikakuta milioni mbili na laki tatu zimeondoka, bila kuhesabu zile laki nane za mwanzo.

Na siku moja ya Novemba, mvua za kwanza, CV ya kushoto ilikatika katikati ya mbuga nikiwa na ndoo 22. Nilikuwa nimeingiza fowili, magurudumu yote manne yanavuta, nikasikia mlio kama wa mti mkavu unaovunjwa, kisha usukani ukawa mwepesi na gari likatulia. Tulilala pale. Asubuhi mkulima mmoja wa tumbaku alituvuta kwa trekta lake, akakataa pesa, akachukua ndoo moja ya asali kwa sababu nilimlazimisha.

Lakini kilichoniudhi kuliko CV ni kitu kidogo nilichokiona siku ile ya trekta. Nilipojikunja chini ya gari kufunga mnyororo niliuona mpira wa breki wa mbele. Gurudumu lilikuwa linaning'inia, na mpira umevutika, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na pale unapoingia kwenye chuma umeanza kupasuka vijistari vyeupe. Walioinua gari hawakurefusha mipira ya breki wala hawakuniambia kwamba inatakiwa kuangaliwa. Nilikuwa nimeendesha miezi yote ile na watu nyuma, na mzigo, na mteremko wa kwenda mtoni. Kama umeinua gari lako na unasoma haya, liweke kwenye jeki leo, gurudumu lining'inie mpaka mwisho, uuangalie mpira wa breki kwa macho yako.

Sisemi kuinua ni kosa. Shemeji yangu ana Prado, mbele koili. Aliweka koili ndefu kidogo na shokapu zake, ikapanda sentimita nne, akaenda kufanya wili alaimenti siku hiyo hiyo, na mpaka leo hajalia. Hata gari la tosheni unaweza kuliinua vizuri: sentimita nne, tano ukizidi sana, fimbo mpya nene kama unabeba mzigo, shokapu za urefu unaolingana, difu ishushwe kidogo ili shafti zirudi kulala, mipira ya breki, alaimenti. Kama kazi yako ni barabara ya changarawe, kwenda shamba na kurudi, kupeleka watoto shule msimu wa mvua, fanya hivyo na uishie hapo. Usitafute ekseli. Utapoteza milioni zako na starehe ya gari lako bure.

Mimi kazi yangu haikuwa hiyo.

Fundi aliyenibadilishia ekseli ni mzee, yuko upande wa Kipalapala, gereji yake haina hata kibao. Ana mwembe, ana shimo la kuchimba kwa mkono lililojengewa matofali, ana mashine ya kuchomelea na vijana watatu. Siku ya kwanza alitandika boksi chini, akalala, akakaa kule karibu saa nzima bila kusema neno. Alipotoka alifuta mikono akaniambia, "Mama, hili wameliinua kiwiliwili. Miguu wameiacha pale pale, ndiyo maana inateguka."

Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba Hilux za kizazi changu zilitengenezwa kwa namna mbili. Kwa soko la Marekani Toyota waliiondoa ekseli ya springi mbele tangu toleo la 1986, wakaweka tosheni baa. Lakini kwa Afrika na Australia waliendelea kutoa LN106, ekseli nzima, springi za majani mbele na nyuma, hadi 1997. Gari ni ndugu moja. Ukiipata ekseli ya LN106 iliyo nzima, vitu vingi vinaongea lugha moja na gari lako: injini ni ile ile ya 3L, breki, habu, spea zake ziko kila mji wenye duka la Toyota. Nilimuuliza kwa nini nisiweke ya Land Cruiser mkonga kabisa, ile ya mfululizo wa 70, maana nayo imebaki na ekseli nzima mpaka leo, hata baada ya kuhamia koili mbele mwaka 1999. Akasema ni pana na nzito kuliko kazi yangu, na nitalazimika kubadilisha na ya nyuma ili zilingane. Sikubishana.

Alinipa masharti kabla hajagusa chochote, na masharti haya ndiyo sehemu ya huduma yake ninayoithamini kuliko zote. Ekseli itoke kwenye gari moja, kamili, pamoja na boksi ya usukani, vyuma vyake vyote vya usukani na propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Difu iwe upande ambao transfa yangu, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, inatolea propela. Na uwiano wa gia uwe sawa na wa nyuma. Difu yangu ya nyuma ina meno 41 kwa 10, yaani 4.1. Mbele ikiwa tofauti, ukiingiza fowili magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti, na kwa sababu yamefungwa pamoja yanashindana kupitia transfa mpaka kitu kivunjike.

Nikaenda Ilala, Dar es Salaam, kwenye spea za mitumba. Mfanyabiashara wa kwanza aliniapia kwa mama yake kwamba ekseli aliyonayo ni 4.1. Nikatoa chaki. Nikaweka alama kwenye pinioni, ule mhimili mdogo unaoingia kwenye difu, na kwenye magurudumu yote mawili, nikamwambia kijana wake azungushe pinioni polepole, magurudumu yatembee pamoja, mimi nahesabu. Yakamaliza mzunguko mmoja pinioni ikiwa imezunguka mara nne na karibu nukta tisa. Ile ilikuwa 4.875. Nikashukuru, nikasogea. Ekseli ya tatu ndiyo ilinipa nne na kidogo tu kupita alama. Nikairudia mara mbili, halafu tukaanza kuzungumza bei. Tulifika milioni tatu na laki mbili na vyote alivyovitaja mzee, ikasafiri kwa lori la kurudi Tabora.

Kazi ilifanyika Machi 2023, wakati njia za ndani zimefungwa na maji na mimi sina pa kwenda. Alisema wiki tatu, zikawa tano. Hilo nitalirudia.

Niliomba nikae nione, akaniletea kiti. Walitoa mikono yote, tosheni, difu ya zamani, wakakata vishikizo vya zamani kwa grainda mpaka chesisi ikabaki laini. Kabla ya kuchomelea chochote mzee alifunga uzi kutoka ekseli ya nyuma kuja mbele, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia, akapima msalaba. Akashikiza vishikizo vya springi kwa nukta nukta tu za moto. Akafunga springi, akafunga ekseli, akavisha magurudumu, akalishusha gari chini libebe uzito wake, akapima tena msalaba. Ulikuwa umetofautiana kwa milimita nne. Akavunja nukta za upande mmoja, akasogeza, akapima mara ya tatu. Ndipo akatoa waya za betri, akang'arisha chuma mpaka kikawa cheupe, akachomelea moja kwa moja, na juu ya kila kishikizo akaongeza sahani ya chuma kuizunguka chesisi. Gereji ya kwanza isingefanya hata nusu ya hayo.

Kitu nilichokipenda zaidi kilitokea kwenye nako, kiungo kinachogeuza gurudumu. Ekseli hii kwenye kila mwisho ina mpira wa chuma, mkubwa kama nazi iliyofuliwa, na juu yake linakaa kombe linalobeba gurudumu na kugeuka kushoto na kulia. Kombe linazunguka kwenye beringi mbili, moja juu, moja chini, na chini ya vifuniko vya beringi kuna shimu nyembamba kama karatasi. Shimu zikizidi, beringi zinakaa legelege na usukani unatetemeka. Zikipungua, beringi zinabanwa na kufa. Mzee alikuwa na mizani ya kuning'iniza ya kupimia ubanaji huo, lakini springi yake ilikuwa imechoka. Akaniangalia, akauliza kwa upole, "Mama, ile mizani yako ya asali iko wapi?"

Nikaitoa kwenye gari. Akaikung'uta, akaining'iniza kwanza na mfuko wa misumari wa kilo tano kuona kama inasema kweli. Ikasema kweli. Akaitia kulabu kwenye mkono wa nako, beringi zikiwa kavu na sili hazijavishwa, akavuta kwa usawa, polepole. Mshale ukapanda, kombe likasita, kisha likaanza kugeuka, na mshale ukatulia kati ya kilo tatu na nne. "Hapo," akasema. Upande wa kulia ulisoma kilo moja na nusu. Akafungua kifuniko, akatoa shimu moja kwa ncha ya kisu, akafunga, akavuta tena. Mizani ile imenipimia tani za asali, na sikujua kwamba ina kazi nyingine.

Ndani ya makombe akajaza grisi nyeusi ya molibdenamu kwa kiganja, akavisha sili mpya na zile fito za manyoya zinazofuta mpira wa chuma. Alinionya: siku sili ya ndani ikifa, oili ya difu itaingia kwenye kombe na grisi itageuka supu, utaiona inachuruzika kwenye rimu. Ukiona hivyo usingoje.

Springi nilinunua mpya, Old Man Emu za Australia, za gari lenye mzigo wa kudumu. Kijana mmoja wa mzee alitaka tupande inchi nne. Nilikataa na mzee akaniunga mkono. Asali ni kitu cha majimaji kizito, na ndoo 25 zikipangwa nyuma kitovu cha uzito kiko juu tayari. Tulipanda sentimita sita, basi, na mipira ya breki mirefu ikafungwa bila mimi kuuliza. Kati ya ekseli na sampu ya injini, lile karai la oili, alipima nafasi springi zikiwa zimebanwa hadi mwisho, akaweka raba za kuzuia ili chuma kisije kikaigonga sampu.

Siku ya majaribio haikwenda vizuri. Tulipofika kilomita 70 kwa saa usukani ulianza kucheza, mdogo mdogo, kisha gari zima likatikisika mpaka nikashika breki. Mzee hakujitetea. Alisema pembe ya nako imesimama wima mno, kichwa cha juu kinatakiwa kilale nyuma kidogo ili magurudumu yawe na hamu ya kurudi katikati yenyewe. Akatengeneza kabari mbili za chuma, akaziingiza kati ya springi na ekseli, akafunga yu-bolti mpya. Tulirudi barabarani jioni ile ile, 70, 80, 90, nikaachia usukani sekunde mbili na gari likanyooka. Hakunidai shilingi kwa kazi hiyo.

Tangu hapo nimekwenda kilomita 31,000, misimu miwili mizima ya asali.

Sasa nieleze ninachokipata, maana wengi wanakosea hapa. Ekseli nzima haikuongezei nafasi chini ya difu. Inapunguza, kwa kweli. Difu ya tosheni ilipanda na chesisi, difu ya ekseli nzima imelala chini na magurudumu siku zote, na hata ukiinua mwili mpaka mawinguni, itabaki pale. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, na ni nusu tu ya ongezeko la kimo cha tairi. Nilitoka 205R16 nikaenda 235/85R16, nikapata sentimita tatu na ushee chini ya difu. Kwenye mikondo ya malori, ule mgongo wa katikati naukwangua zaidi sasa kuliko zamani. Nimejifunza kuweka gurudumu moja juu ya mgongo na jingine nje ya mkondo.

Ninachokipata ni kingine. Nafasi ile haibadiliki. Gari la tosheni likibeba kilo 700 na kupiga mbizi kwenye shimo, tumbo lake linashuka pamoja na difu. Ekseli nzima haishuki, kwa sababu tairi ndiyo inayoishikilia. Halafu gurudumu moja likipanda kisiki, ekseli inalisukuma lile jingine chini kutafuta ardhi, kwa hiyo kwenye mbuga magurudumu yote manne yanagusa na kuvuta. Mahali nilipokatikia CV nimepita mara nyingi tangu siku ile, mara mbili kwenye tope halisi, na sikusimama. Na shafti zimelala ndani ya bomba la chuma, zimenyooka, hazijali gari liko juu kiasi gani. Sijanunua CV wala raba yake tangu Machi 2023.

Ninachokipoteza: gari tupu linarusha. Kwenye barabara yenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, bila mzigo, linaruka pembeni kama mbuzi, na mama yangu mzazi amekataa kupanda kiti cha nyuma kwenda Urambo. Usukani wa LN106 unasukuma na kuvuta nako kwa chuma kinachotoka kwenye boksi kwenda nyuma na mbele, kwa hiyo springi ya upande ule ikizama ghafla usukani unakuvuta mkononi. Unazoea, lakini dereva mgeni simpi gari siku ya kwanza. Spidomita nayo inadanganya kwa ajili ya tairi: ikisema 80, uko 87. Wakumbuke wale wanaokutana na tochi za trafiki.

Gharama zangu ni hizi: ekseli na vifaa vyake milioni tatu na laki mbili, springi milioni moja na laki mbili, ufundi milioni moja na laki sita, na sili, beringi, yu-bolti, bushi, mipira ya breki na vyuma laki tisa. Jumla milioni sita na laki tisa, tairi sijaweka. Ni pesa nyingi. Kama ningekuwa naanza leo bila gari, ningeuza la tosheni, nikaongeza hiyo hiyo pesa, nikatafuta LN106 iliyotoka kiwandani hivyo. Lakini injini yangu naijua, bodi haina kutu, na mnunuzi wa gari lililokwisha chezewa tosheni hukupa bei ya kuua.

Kwa mzee natoa nyota nne kati ya tano. Kazi yake ya mikono ni tano bila wasiwasi. Nyota moja nimeiondoa kwa wiki mbili za nyongeza, ambazo hakunipigia simu kunieleza. Nilikuwa naenda mwenyewe kila siku mbili kukuta kijana ametumwa kutafuta shimu au beringi ambayo ingeweza kuagizwa mwanzoni. Kwa mtu mwenye mkataba wa mzigo, wiki mbili ni mkataba umekufa. Nilimwambia ana kwa ana, akasikiliza, akasema ni kweli.

Ukimwendea, usiende Juni hadi Agosti, maana wenye magari ya asali na tumbaku wote wako kwenye foleni chini ya ule mwembe. Hesabu meno ya difu yako ya nyuma kabla hujanunua kitu. Ukimaliza kilomita 500 za mwanzo rudi akukazie yu-bolti. Zangu zililegea karibu robo mzunguko kila moja. Wiki iliyopita nimeona unyevu mweusi kwenye rimu ya kushoto mbele, mstari mwembamba kutoka kwenye kombe. Nimempigia. Amesema nimpelekee Jumatatu, na nisisahau mizani.